Ua Lililodai Damu: Sinema ya Siku Mbili Isiyokubali Kufa

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika mambo mengi ya nyumbani usemi huo ni wa kweli. Wali uliopikwa mbio huwa na kiini, na nguo iliyoshonwa usiku mmoja hufumuka siku ya arusi, tena mbele ya wakwe. Hata hivyo, hakuna methali isiyopata siku ya kupingwa. Katika siku za mwisho za mwaka 1959, kikundi kidogo cha wachezaji kiliingia katika studio moja ya Hollywood, nchini Marekani, na kwa muda wa siku mbili na usiku mmoja kikapiga sehemu kubwa ya sinema ambayo hata leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, bado inawachekesha watu na kuwatia hofu. Sinema hiyo iliyotolewa mwaka 1960 huitwa The Little Shop of Horrors, yaani duka dogo la vitisho.

Si sinema njema kwa kila kipimo. Mtu akiamua kuhesabu kasoro zake, vidole vya mikono vitamwishia kabla ya nusu saa kupita. Lakini ina uhai, na uhai haununuliwi dukani. Basi lafaa kuulizwa swali hili: kitu kilichotengenezwa kwa fedha kidogo, kwa haraka, tena kwa vifaa vilivyoachwa na wengine, kimewezaje kudumu, ilhali kazi nyingi zilizogharimu mamilioni zimekwisha kusahauliwa?

KISA CHENYEWE

Bwana Gravis Mushnick ana duka la maua katika Skid Row, mtaa wa mafukara na walevi mjini Los Angeles. Biashara yake ni duni. Mteja wake wa kudumu ni Bibi Shiva, ambaye kila mara huja kununua maua ya mazishi, kwa kuwa jamaa zake hawaishi kufa. Mwingine ni Burson Fouch, ambaye hanunui maua ili ayapange katika chombo, bali huyatia chumvi na kuyatafuna papo hapo kama mtu alaye mchicha. Wafanyakazi wa duka ni wawili: Audrey, msichana mpole, na Seymour, kijana asiyeweza kushika kitu bila kukiharibu.

Siku moja Seymour anavuruga maua yaliyoagizwa na daktari wa meno, na Bwana Mushnick anaamua kumfukuza kazi. Kijana anajitetea kwa kusema kwamba nyumbani ana mmea wa ajabu alioukuza mwenyewe kutokana na mbegu alizopewa na mtunza bustani Mjapani. Ameupa jina la Audrey Junior, kwa mapenzi aliyo nayo kwa yule msichana. Mmea unaletwa dukani, nao ni mgonjwa. Bwana Mushnick anampa wiki moja auponye. Seymour anaujaribu kwa kila mbolea bila mafanikio, mpaka usiku mmoja anapojichoma kidole kwa bahati mbaya. Tone la damu linadondoka, na mmea unafumbua kinywa.

Kuanzia hapo mambo yanakwenda mteremko. Kila usiku Seymour anaulisha mmea kwa vidole vyake mwenyewe, na kila asubuhi mmea umekua na yeye amedhoofika. Watu wanajaa dukani kuutazama, na fedha zinaingia. Damu inapomwishia, mmea unaanza kunena kwa sauti ya ukali, ukidai chakula. Katika matembezi yake ya majonzi kando ya reli, kijana anarusha jiwe kwa hasira tu, bila kumlenga mtu. Jiwe linampata mtu kichwani, naye anaangukia relini na kupitiwa na gari moshi. Seymour hajui pa kuuweka mwili huo. Mmea unajua.

Yafuatayo baadaye ni ya kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Daktari wa meno anakufa katika mapambano ambayo Seymour hakuyaanza. Mwizi anavamia duka usiku, na Bwana Mushnick anamdanganya kwamba fedha zimefichwa ndani ya ua. Mmea unaota vichipukizi vikubwa. Siku ya sherehe, mbele ya wageni waliokuja kumtunza Seymour kikombe cha heshima, vichipukizi vinafunguka kimoja kimoja, na ndani ya kila ua mna sura ya mmoja wa walioliwa.

UCHUMI WA JIKO LA MASKINI

Mwongozaji na mtengenezaji wa sinema hii alikuwa Roger Corman, mtu aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford kabla ya kuingia katika kazi ya sinema. Labda ndiyo sababu aliitazama sinema kama fundi atazamavyo mashine: nini kinahitajika, na nini kinaweza kuachwa. Alikuta vyumba vya bandia vilivyojengwa kwa ajili ya sinema nyingine vikiwa bado vimesimama, akaona ni hasara kuviacha vivunjwe bure. Tena palikuwa na sababu ya kuharakisha, kwani kuanzia mwaka 1960 kanuni mpya za malipo ya wachezaji zilitarajiwa kuanza kutumika na kuwaongezea watengenezaji gharama.

Mtunzi wa mchezo, Charles B. Griffith, hakuanza na karatasi tupu. Mwaka huohuo wa 1959 yeye na Corman walikuwa wametengeneza A Bucket of Blood kwa siku tano, sinema ya mtumishi wa mkahawa anayepata sifa ya uchongaji kwa kufunika maiti kwa udongo. Mifupa ya visa hivyo viwili ni mamoja: mnyonge anayedharauliwa, kifo cha bahati mbaya, sifa isiyostahili, na tamaa inayodai vifo vingine. Hata muziki wa Fred Katz uliosikika katika sinema ya kwanza ulitumiwa tena. Mama mwenye nyumba ajuaye kugeuza kiporo cha jana kuwa kitoweo cha leo hatashangaa. Kiporo kikipata kiungo kipya, mgeni hajui.

Wachezaji walifanya mazoezi kwa siku chache, kisha wakaingia mbele ya kamera. Matukio yalipigwa marefu, kwa kamera zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na aghalabu mara moja tu. Matukio ya nje yalipigwa baadaye katika mitaa yenyewe ya Los Angeles. Ajali ya gari moshi, ambayo ingegharimu fedha nyingi, ilipatikana kwa werevu: gari moshi lilirudi kinyumenyume kutoka alipolala mchezaji, kisha filamu ikageuzwa ili lionekane linamjia. Bibi kizee anayecheza mama yake Seymour, mgonjwa wa kujidhania anayetia dawa katika kila pishi, alikuwa Myrtle Vail, bibi yake Griffith. Griffith mwenyewe alicheza mwizi, na ndiye aliyetoa sauti ya mmea. Gharama zote hukadiriwa kuwa kati ya dola 28,000 na dola 30,000, kiasi kilichokuwa kidogo sana hata kwa wakati ule.

KASORO ZISIZOFICHIKA

Haraka hiyo imeacha makovu, na haifai kuyapaka rangi. Mmea wenyewe, ambao ndio mhusika mkuu, waonekana wazi kuwa kazi ya kitambaa na karatasi. Kinywa chake hufunguka na kufungika kama mfuko wa kwendea sokoni. Mtazamaji akitarajia kushikwa na baridi ya hofu, atashikwa na kicheko badala yake. Picha ni za rangi nyeusi na nyeupe zisizo na mwanga wa kutosha mahali pengine, na sauti katika matukio kadhaa husikika kana kwamba wachezaji wamo ndani ya pipa.

Mbio za mwishoni, ambapo polisi wanamfukuza Seymour katikati ya malundo ya matairi na vyombo vya chooni, ni ndefu kuliko haja. Yaelekea ziliwekwa ili kufikisha sinema kwenye urefu wake wa dakika 70 hivi. Baadhi ya wachezaji hupaza sauti kama watu walioitana ng'ambo ya mto. Mzaha juu ya matamshi ya Bwana Mushnick na juu ya wateja wa Kiyahudi nao haukuwapendeza watu wote, na inasimuliwa kwamba wako wasambazaji waliosita kuichukua sinema hii kwa sababu hiyo.

Lililo zito zaidi ni jinsi sinema inavyomtendea mwanamke mmoja maskini wa barabarani anayeuawa katika sehemu ya mwisho. Wengine waliokufa walikuwa wamejiponza au walipatwa na ajali. Huyu hakuwa na kosa ila kupita njia hiyo, na kifo chake kinachukuliwa kama mzaha mwingine tu. Hapo kicheko hukwama kooni. Sinema inayowaonea huruma wanyonge ilipaswa kumwonea huruma na huyu pia.

UZURI ULIOJIFICHA

Pamoja na hayo yote, kuna sababu kwa nini watu hawakuiacha. Ya kwanza ni maneno yake. Mchezo uliandikwa kwa ulimi mkali, na karibu kila anayeingia dukani, hata kwa dakika moja, ana kichaa chake mwenyewe. Polisi wawili wanaochunguza kesi huzungumza kwa ukavu kama watu wanaosoma orodha ya bei, wakiiga kwa dhihaka michezo ya polisi iliyopendwa Marekani wakati ule. Mmoja anamwambia mwenzake kwamba jana amefiwa na mtoto aliyechezea viberiti, na mwenzake anajibu kwamba ndiyo mambo ya dunia. Ni mzaha mweusi kama masizi, lakini unasema kweli fulani juu ya watu waliozoea mauti mpaka wakasahau kulia.

Ya pili ni wachezaji. Jonathan Haze anamcheza Seymour kama mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. Jackie Joseph anampa Audrey upole usio na unafiki. Mel Welles, kama Bwana Mushnick, anabeba nusu ya sinema mabegani mwake. Wapo tena dakika chache zilizopata umaarufu kuliko zote: mgonjwa kijana anaingia katika chumba cha daktari wa meno akiwa na furaha ya kuumizwa, naye Seymour, aliyetoka kumwua daktari, analazimika kujifanya ndiye daktari na kumng'oa meno. Kadiri mashine inavyokereza ndivyo mgonjwa anavyofurahi. Kijana huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alikuwa Jack Nicholson. Miaka 15 hivi baadaye alishinda tuzo ya Oscar kwa One Flew Over the Cuckoo's Nest, na kufikia mwaka 1998 alikuwa amekwisha kupata tatu.

Ya tatu, na iliyo kubwa, ni kisa. Kinafanana na ngano za mababu. Wasimulizi wa Usambara na kwingineko Afrika Mashariki wanalo boga linalosema na kumeza watu wa kijiji kizima, na watoto wa pwani wamekua wakisikia habari za zimwi lisiloshiba. Wahenga wametuachia usemi kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Seymour aliamini hivyo hivyo. Alidhani kwa kuwa ndiye aliyeulea mmea, akaupa jina la mpenzi wake na kuunywesha damu yake, basi mmea ungemhifadhi. Lakini mmea haukujua shukrani. Ulijua njaa tu.

Bwana Mushnick naye asisahauliwe. Usiku mmoja anamwona Seymour kwa macho yake akiulisha mmea nyama ya mtu. Anakata shauri kwenda polisi asubuhi. Asubuhi inapofika, anakuta wateja wamejipanga mlangoni na fedha zinalia katika kasha, na shauri linayeyuka. Hamwambii mtu. Katika sinema yote iliyojaa maiti, hakuna jambo la kutisha kuliko ukimya huo, kwani mmea wa kula watu hakuna aliyekutana nao njiani, lakini mtu anyamazaye kwa sababu ukimya unamlipa yuko katika kila mji.

MALI ILIYOTUPWA

Sinema ilipotoka haikufanya kishindo. Mwaka 1961 iliambatanishwa na sinema ya kutisha ya Mwitalia Mario Bava, Black Sunday, ili watazamaji wapate mbili kwa tiketi moja. Corman, akiona kwamba baada ya kuonyeshwa haitaleta faida nyingine, hakujishughulisha kuiandikishia hakimiliki. Basi ikawa mali ya umma. Kila mwenye nakala aliweza kuionyesha bila kumlipa mtu.

Kosa hilo la kibiashara ndilo lililoiokoa. Vituo vya televisheni vya Marekani viliirusha tena na tena katika saa za usiku, kwa kuwa haikuwagharimu. Watoto waliokesha wakiitazama walikua nayo vichwani. Mmoja wa waliovutiwa nayo, Howard Ashman, aliandika maneno, na mwenzake Alan Menken akatunga muziki, na mwaka 1982 kisa cha duka la maua kikapanda jukwaani New York kama mchezo wa nyimbo. Ulichezwa mara 2,209 mpaka mwaka 1987. Mwaka 1986 Frank Oz aliutengenezea sinema mpya, safari hii kwa dola zipatazo milioni 25, na mmea uliotengenezwa kwa ufundi mkubwa mpaka midomo yake ikaweza kuimba.

Hapo ndipo panapopatikana ulinganisho wa maana. Sinema hiyo ya fedha nyingi ilikuwa na mwisho wa huzuni kama ulivyokuwa mchezo wa jukwaani. Watazamaji wa majaribio walipoukataa, ulitupwa, na ukapigwa mwisho mwingine wa furaha. Fedha nyingi hutaka kurudi nyumbani salama. Sinema ya mwaka 1960 haikuwa na cha kupoteza, na kwa hiyo iliweza kusema neno lake mpaka mwisho. Seymour, akiisha kukimbia, anarudi dukani na kumtazama adui aliyemlea kwa mikono yake. Anachukua kisu, anapanda, na kujitosa ndani ya kinywa chake. Baadaye kichipukizi cha mwisho kinafunguka, na sura yake iliyomo ndani inasema kwamba hakukusudia. Watu wanacheka, kisha wananyamaza, kwa maana ni nani ambaye hajapata kusema neno hilo baada ya maji kumwagika?

Roger Corman alipewa tuzo ya heshima ya Oscar mwaka 2009, akafariki mwezi wa Mei 2024 akiwa na umri wa miaka 98. Jonathan Haze alimfuata mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Mikononi mwa Corman walipita vijana wengi waliokuja kuwa waongozaji mashuhuri, miongoni mwao Francis Ford Coppola na Martin Scorsese. Wote walijifunza kwake kwamba uhaba si udhuru.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Wazazi wanaotaka kuitazama pamoja na watoto wafahamu kwamba haina damu nyingi ya kuonekana, lakini mzaha wake juu ya mauti wahitaji umri wa kuuelewa. Wadogo watauogopa mmea kwa usiku mmoja, na wakubwa watauona ni kitambaa. Mazungumzo yanayofaa ni yale ya baadaye, taa ikiisha kuwashwa: je, ni nani mwenye hatia kubwa, kijana aliyelisha, tajiri aliyenyamaza, au wateja waliosifu ukubwa wa ua bila kuuliza limekula nini?

Ukiona vyaelea vimeundwa, na duka la Bwana Mushnick liliundwa kwa mbao za watu wengine, muziki wa jana, na siku mbili za Desemba. Viungo vyake vyaonekana, misumari yake imetokeza, na hapa na pale maji yanaingia. Hata hivyo jahazi hilo limevuka zaidi ya miaka 60, na abiria wake wangali wanacheka. Kwa mwenye kazi ya kufanya na fedha kidogo mfukoni, hiyo ni faraja si haba. Na kwa mwenye mmea mdogo nyumbani, uwe ni deni, ulevi au uongo, unaoomba tone moja tu kila usiku, yafaa akumbuke kwamba tone la kwanza ndilo lililo rahisi kulinyima.